Mashine Iliyojaribiwa kwa Sala

Wapendwa, leo sikuja kuwabembeleza. Kaeni vizuri niwape mfano, na yule ambaye utamchoma asimgeukie jirani yake.

Alikuwepo fundi seremala mmoja, karakana yake ilikuwa banda la gari alilopanga. Miaka kumi na minne alipasua na kuranda mbao kwa mkono, mpaka viganja vikawa vigumu kama visigino. Siku moja akasikia kwamba ndugu wa usharika wake, fundi mkubwa pale mjini, anauza mashine yake ya zamani, ile ya kazi zote: mota moja tu, lakini inapasua, inaranda, inatoboa. Fundi wetu akauza ng'ombe wake wawili wa maziwa, akaenda, na kipande cha mninga begani.

Mninga wa nini? Mafundi mlio hapa mnajua. Mashine iliyotumika ukiizungusha tupu, huunguruma vizuri tu. Ugonjwa wake huujui mpaka uilishe mti mgumu.

Muuzaji akawasha. Mashine ikazunguka bila kelele, imepakwa rangi mpya ya kijani mpaka miguuni. Fundi akashusha ubao wake.

"Ndugu yangu, naomba tuijaribu na huu."

Mwenzake akazima mashine, akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Tuijaribu? Wewe na mimi si tunashiriki meza moja ya Bwana? Kujaribiana ni mambo ya watu wa sokoni. Lete mkono, tuiombee."

Fundi akaona haya. Kumshuku mpendwa, tena mbele ya mke wa huyo muuzaji! Akauegemeza ubao ukutani, wakaweka mikono juu ya chuma kile, wakaomba. Muuzaji aliomba kwa kirefu na kwa machozi. Hebu niambieni, mtu analiaje machozi mbele za Mungu huku anajua kwamba chini ya ile rangi shafti, chuma kile kinachozungusha msumeno, ilishakatika na kuchomelewa?

Wiki ya pili shafti ilikatika tena, ubao ukiwa katikati ya msumeno. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaenda. Mke wa fundi ndiye aliyeviokota kwenye maranda. Mnakunja nyuso? Kunjeni! Mimi pia nikifika hapa damu inanichemka.

Shauri likaletwa kwa wazee wa kanisa. Muuzaji akapiga magoti, akalia tena, maana kulia anakuweza. Akasema ameirudisha mashine kwake na kumlipa fundi bei yote aliyoitoa. Na kweli alikuwa amelipa.

Mzee wa kikao akasema, "Fundi, ndugu yako amejishusha, na mali yako umerudishiwa. Haya mambo yakitoka nje, ni aibu yetu sote. Msamehe yaishe."

Fundi akautazama mkono wake uliofungwa bandeji. Kisha akasema, "Nimemsamehe."

Loo, makofi! Vigelegele! Mama mmoja akaanzisha wimbo wa shukrani, wazee wakakumbatiana. Fundi hakuimba. Alimsogelea yule muuzaji.

"Mashine iko wapi?"

"Hayo si tumeshayamaliza, ndugu yangu?"

"Nimekuuliza, mashine iko wapi?"

"Nimeshaiuza. Kuna fundi mmoja wa usharika wa jirani, alikuja kuichukua jana."

"Umemwambia habari ya shafti?"

Yule bwana akatazama sakafu. Fundi akawageukia wazee, akiwaomba watume mtu upesi. Mzee wa kikao akamkatiza: "Keti, fundi. Shauri limefungwa."

Hakuketi. Alitoka mlangoni, akashika njia kwa miguu kuelekea kwa mtu asiyemjua hata jina. Na wale wazee wetu wakatikisa vichwa, wakasema, "Mnaona? Bado ana uchungu. Hajasamehe kwa moyo."

Hajasamehe! Katika nyumba ile yote ni yeye peke yake aliyesamehe. Wengine walikuwa wanajificha ndani ya msamaha wake.

Sasa nisikilizeni. Wakati wote mmekuwa mkimkasirikia muuzaji, na mimi nimewaacha. Lakini sisi si muuzaji, na wengi wetu si fundi. Sisi ndio kikao. Sisi ndio tuliopiga makofi. Tumezoea kufunika kombe mwanaharamu apite. Haya, amepita. Nani kati yetu amerudi kulifunua? Mwalimu aliyeharibu watoto huku, tukamhamishia kule. Mume anayepiga tukamwombea, tukamrudisha nyumbani kwa mkewe tukisema yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Tunaliita jambo hilo amani, na mtu mwingine anawasha mashine asubuhi.

Mnataka kujua kama fundi alifika kabla haijawashwa. Msiniulize mimi. Waulizeni wale wenye magari yaliyoegeshwa nje ya kanisa, ambao walibaki ndani wakimalizia ubeti wa tatu.

Leo sifungi kwa sala. Kama yupo hapa anayejua mahali ilipo mashine ya namna hiyo, na jina la aliyeuziwa, asingoje amina. Mlango uko wazi. Atoke sasa hivi, aende akamwambie.