Ua Linalochomoka Zima

Sogeeni, na anayesinzia afinywe, maana zimwi halirudii neno!

Zimwi lilimnyakua Zuwena siku ya harusi yake, likamfungia katika bustani isiyo na mlango. Jamaa zake walipofika kumdai, likawaonyesha mimea mitano: mrehani, asumini, ufuta, msaji na waridi.

"Minne ni ukoo mmoja, wa tano ni mgeni. Nitajieni mgeni, nimwachie bibi harusi. Atakayekosa namgeuza kisiki!"

Bwana harusi akatazama ukubwa. "Msaji!" Akawa kisiki.

Mjomba akanusa. "Ufuta, hauna harufu!" Akawa kisiki.

Akabaki Mize, dada yake Zuwena, mtunga vikuba vya maua ya kuvaa maharusi. Vidole vyake vikaingia kazini. Akavuta petali ya asumini. Ua likachomoka zima, petali zote zimeshikana, kama kila siku anapolitia uzini. La mrehani, zima. La ufuta, zima. Hata kijiua cha msaji, kizima. Akavuta la waridi, likapukutika petali mojamoja.

"Mgeni ni waridi!"

"Nani kakwambia?" zimwi likanguruma.

"Vidole vyangu, mla watu wee!"

Zimwi likapasuka, pwaa! Visiki vikainuka watu, ukuta wa bustani ukaporomoka, Zuwena akatoka mbio, vigelegele vikahanikiza.

Papo hapo Mize akamtungia dada yake kikuba, akachomeka waridi katikati.

"Mbona hilo si la ukoo?" mjomba akauliza.

"Ndiyo maana, mjomba. Tangu lini mgeni wetu akaketi pembeni?"