Mkaja Usiofika

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana vitabu vya mitumba vilikuwa vimeshaanza kuuzwa chini juu ya turubai, palikuwa na mji wa wakulima wa machungwa. Mji huo ulikuwa na desturi yake ya harusi. Asubuhi ya nikahi, mashangazi wa bwana harusi huja na mkaja, kitambaa cheupe, wakamfunga mama wa bibi harusi kiunoni mbele ya wanawake wote. Ni shukrani kwa tumbo lililombeba binti. Fundo likifungwa, shehe anaanza kusoma. Fundo lisipofungwa, shehe anangoja.

Mkaja usipofika huungwa, na anayeunga ni mwenye kosa. Yule aliyesababisha upungufu hutoka mbele ya watu, hukata pindo la kanga yake, likashonwa papo hapo. Kanga iliyokatwa pindo haifichiki. Mwenye nayo akipita sokoni, watu wanajua.

Hapo mjini aliishi Mwantumu, na shoga yake Sikudhani, mkaanga maandazi. Wote wawili walikuwa wanene. Mwaka mmoja Sikudhani alioza binti, na mkaja haukufika. Mashangazi wakavuta huku, wakavuta huku, ncha hazikukutana. Mmoja akasema, "Tuleteeni kamba ya ng'ombe." Wanawake wakacheka. Mwantumu alikuwa amesimama ubavuni mwa shoga yake, na yeye akacheka. Sikudhani alimwona.

Alipoulizwa mwenye kosa, hakutoka mtu. Sikudhani akakata kanga yake mwenyewe. Wawili hao waliendelea kutembeleana, na jambo hilo hawakulitaja.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Hidaya, binti pekee wa Mwantumu. Posa ikakubaliwa, siku ikatajwa. Mwantumu akaanza kutazama kiuno chake kila akijifunga kanga.

Siku ya gulio alisimama kwa Shembilu, muuza vitabu.

"Karibu, mama. Vya upishi hivi, vya tafsiri ya ndoto hivi, hiki cha kilimo cha matikiti."

Mwantumu alishika cha upishi, macho yakiwa kwingine. Pembeni palikuwa na kitabu cha kupunguza unene na kukaza mwili. Jalada lilikuwa na picha mbili za mwanamke. Ya kwanza mnene, amenuna. Ya pili mwembamba, anacheka.

"Huyu wa pili ni mdogo wake?" aliuliza.

"Ni yeye yule, mama. Kabla na baada."

"Na hapa alinunia nini? Mbona mimi mnene na sinuni?"

"Labda mpiga picha alimchelewesha kula."

Wakacheka. Kisha Mwantumu akashusha sauti. "Niambie kweli, Shembilu. Yuko mtu wa mji huu aliyekisoma kikamfaa? Kama hakifai niambie. Nitatuma salamu kwa wakwe wakate mkaja mrefu, yaishe. Aibu ya kutuma salamu nitaimeza. Lakini kama kinafaa, sina haja ya kuimeza."

Shembilu alijua. Kitabu hicho hicho Sikudhani alikinunua baada ya harusi ya bintiye. Alikifuata kwa miezi, hakupungua kitu ila furaha. Akakirudisha kimefungwa kwenye gazeti. "Usimwambie mtu kilikuwa changu," alimwomba, na Shembilu aliahidi. Sasa aliona haya kuivunja ahadi. Aliona haya pia kumfukuza mteja.

"Mimi nauza tu, mama," alisema, akaendelea kupanga vitabu.

Mwantumu hakununua. Alikwenda kwa Sikudhani, akamkuta mbele ya karai.

"Shoga, kwa Shembilu kuna kitabu cha kupunguza mwili."

Sikudhani aligeuza andazi ambalo halikuwa tayari kugeuzwa. "Eh! Na wewe umeanza kusoma?"

"Nisome nisisome? Ndilo nililokujia. Kikiwa cha uongo nitume salamu kwa wakwe. Wewe umewahi kukisikia?"

Sikudhani alijua. Angeweza kusema: kilinitesa, kiache, tuma salamu. Lakini ili aseme hivyo ilimpasa aseme kwa nini alikinunua. Na ili aseme kwa nini alikinunua, ilimpasa ataje siku ile na kicheko kile. Aliona haya.

"Sijui, shoga. Jaribu uone," alisema, akaendelea kukaanga.

Mwantumu akarudi gulioni na fedha aliyoiweka kwa ajili ya marashi ya harusi. Akanunua kitabu, akakificha ndani ya pipa la unga. Salamu kwa wakwe hakutuma.

Akakifuata kama kilivyosema. Asubuhi maji ya moto na ndimu. Mchana tango. Jioni tango jingine. Kitabu kilitaka pia aruke, basi akawa anaruka nyuma ya banda la kuku.

"Mwantumu!" jirani aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Unatwanga nini kila siku?"

"Kisamvu!"

"Kisamvu hicho mbona hatukioni mezani?"

Uso wake ukasinyaa. Mikono ikapungua. Kiuno kikabaki pale pale.

Wiki ya harusi, mashangazi wa bwana harusi walimwita Hidaya. Walikuwa wamekaa na mawifi zake watarajiwa, wasichana wa kisasa, wembamba, wenye simu mikononi.

"Mwanangu," alisema shangazi mkubwa, "kesho tunakata mkaja. Mama yako tumkatie wa kiasi gani? Sema bila wasiwasi, hatutaki yale ya mwaka jana."

Hidaya alijua. Alikuwa akimfulia mama yake nguo tangu utotoni. Akawatazama mawifi, akaona wanamtazama. Aliona haya.

"Wa kawaida tu, shangazi," alisema.

Siku ikafika. Wanawake walijaa uani. Wanaume walikaa nje ya ua wa makuti, shehe akiwa katikati yao. Mwantumu alisimama juu ya mkeka, mikono ameinua kidogo. Mashangazi wakamzungushia mkaja. Wakavuta huku, wakavuta huku. Ncha hazikukutana.

Safari hii hakucheka mtu. Mwantumu akajikuta amekaa chini bila kukusudia.

Shangazi mkubwa aliinama. "Mkwe, umekula nini leo?"

"Ndimu."

"Ndimu na nini?"

"Ndimu na maji."

"Na jana?"

Mwantumu alianza kulia. Akasema habari ya kitabu, mbele ya watu wote, mpaka kule kuruka nyuma ya banda. Jirani wa kisamvu akaziba mdomo kwa mtandio.

Wakamletea chai ya maziwa na mkate wa kumimina, akala. Shangazi mkubwa akatoa mkasi na sindano. "Mkaja hauwezi kubaki hivi. Nani mwenye kosa? Shehe anangoja."

Mlango wa ndani ukafunguka. Hidaya alitoka na nguo zake za harusi, kitu ambacho bibi harusi hafanyi.

"Ni mimi. Mliniuliza nikawadanganya. Nilimwonea haya mama yangu mbele ya mawifi. Neno moja langu lingetosha, na kitabu kisingehusika. Kateni yangu."

"Rudi ndani, mwanangu," alisema Sikudhani, akisimama. "Wewe uliulizwa mwishoni. Mimi niliulizwa mwanzoni. Mama yako alikuwa tayari kutuma salamu, akanijia, nikamwambia ajaribu. Kitabu hicho kilikuwa changu. Nililala nacho njaa kabla yake. Nilijua kinakwenda kumfanya nini, nikaendelea kukaanga. Kateni yangu. Na msinionee huruma, imeshazoea mkasi."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya makuti. "Samahanini, mama zangu. Mimi ndiye niliyeulizwa wa kwanza kabisa. Hawa wawili walikuwa na haya ya kwao. Mimi nilikuwa na haya ya ahadi, lakini pia nilitaka kuuza, na fedha nikapokea. Ningeweza kusema hakifai bila kumtaja mtu. Sikusema." Kikoi kikatupwa juu ya ua, kikaangukia katikati ya wanawake.

"Shembilu!" mmoja alipiga kelele. "Na huko nje umebaki na nini?"

"Nimevaa suruali, mama!"

Wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi, wakaacha.

Mwantumu aliweka kikombe chini. "Acheni kugombea kilicho changu. Mwaka jana shoga yangu alisimama kama nilivyosimama mimi leo. Nilikuwa ubavuni mwake, nikacheka. Kama nisingecheka, angeniambia kila kitu. Kama nisingecheka, asingenunua kitabu, na Shembilu asingekuwa na ahadi ya kutunza. Binti yangu naye alikuwepo siku ile. Aliniona nikicheka, akajifunza kwamba kiuno ni cha kuonewa haya. Kateni yangu mimi."

Wanawake wengi walikuwepo mwaka jana, na kila mmoja alikuwa akitazama mkeka.

Nje, shehe alikohoa.

Shangazi mkubwa amesimama hivyo, mkasi mkononi, uzi umeshatiwa kwenye sindano. Mbele yake wamenyoosha nguo zao: binti aliyesema uongo, shoga aliyeficha, muuzaji aliyepokea fedha, na mama aliyecheka. Pindo linalotakiwa ni moja tu, na atakayekatwa atavaa kosa hilo kila siku ya gulio. Mimi nimewaeleza nilivyoyaona, kukata sikuachiwa. Ninyi mliokaa hapa mkisikiliza, na hasa ninyi mnaotazama mkeka: je, nani alistahili kuunga mkaja?