Mbegu ya Uji wa Mghoi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa chungu!
Na chini ya chungu?
— Kumebaki!
Basi kilichobaki ndicho ninachowagawia. Sogeeni, walio nyuma wasikie.

Hapo kale, vilima vilipokuwa bado vinaamkiana asubuhi, paliondokea mwanamwali jina lake Wakesho. Mamaye aliitwa Mghoi, mjane, na mali ya mjane yule ilikuwa chungu kimoja cha uji wa mtama. Lakini uji gani, jamani! Uji uliochacha. Uji mkali. Uji unaokunja uso kwanza, ndipo ukunjue moyo.

Chungu kile hakikuoshwa hata chini. Mghoi aliteka, akanywa, akabakiza kidogo. Akatia unga na maji, akafunika. Kulipokucha, kile kidogo kilikuwa kimekwisha kukichachusha kingi. Hayo mabaki waliyaita mbegu. Mghoi alipewa na mamaye, mamaye alipewa na bibi yake, na mkono wa kwanza uliokoroga haujui mtu, aujua Mungu peke yake.

Mvunaji aliyelemewa na jua aliunywa, akainuka. Mja mzito aliyechafukwa na moyo aliunywa, akatulia. Na waliogombana waliketishwa wakapewa kata moja ya uji wainywe pamoja. Wakakunja nyuso pamoja, wakatazamana, wakacheka, na ugomvi ukaishia hapo. Ndipo watu wakaimba, nanyi itikieni:

Uji wa mama, uji mkali,
wauma ulimi, waponya tumbo;
ewe unywaye, bakiza!
— Bakiza!

Siku Wakesho alipoolewa ng'ambo ya bonde, Mghoi alimtilia mbegu katika kibuyu, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, ng'ombe sina, shanga sina. Nakupa hiki. Usikiache kikakauka. Siku nitakayopungukiwa, nitatuma kwako kuomba."

"Mama, utaomba kwangu wewe?"

"Mtoaji naye ana siku yake ya kunyoosha mkono. Nenda kwa amani."

Akaenda.

Nyumba aliyoingia ilikuwa nyumba ya warina asali. Mwadime mumewe alirina, nduguze walirina, na mizinga ilining'inia mitini kila upande. Asubuhi asali, mchana asali, jioni asali. Wakesho akapika uji wake, akawakaribisha wa kwao mume.

Wifi mkubwa akaonja. "Haa! Wifi, uji wako umenuna!"

Wifi mdogo akaonja. "Umenuna tu? Huu umegombana na mtu!"

Wa mwisho akaonja mavyaa yake, mama wa mumewe, jina lake Mkawasi. Akafumba macho. Alipoyafumbua akaona binti zake wanamtazama, naye akacheka kuwashinda wote. "Mkazamwana, kwenu mlikosa nini hata mkanywa maji ya kulowekea ngozi?"

Yashikeni hayo macho yaliyofumbwa. Msiyaachie.

Tangu siku ile Wakesho alipika kidogo, akanywa peke yake. Lakini kicheko ni kama manyunyu: hakivunji paa, hulilowesha hata likaoza. Asubuhi moja Mwadime mwenyewe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alipita jikoni akaziba pua kwa mzaha. Wakesho aliinuka. Alikitwaa chungu akashuka nacho mtoni. Akakisugua kwa mchanga. Akakisugua kwa majivu. Akakisugua kwa majani makavu, hata kikanuka mto mtupu. Na kibuyu cha mama akakimimina majini.

Ole wake atupaye urithi ili apendwe mezani! Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini tusimhukumu upesi. Ni nani kati yetu ambaye hakuwahi kusugua kitu cha kwao kwa kuogopa kuchekwa?

Miaka ikapita. Wakesho akasifiwa, akaitwa mwenzetu. Hata hivyo, palipokucha, moshi wa majiko ya ng'ambo ukipanda, kinywa chake kilijaa mate yasiyo na sababu, na macho yakavuka bonde peke yake.

Hata siku moja akaja jirani wa kwao, mwanamke, amesimama uani hataki kuketi.

"Wakesho, mama yako hajiwezi. Alianguka na chungu, chungu kikapasuka, mbegu ikanywewa na ardhi. Tangu hapo chakula hakikai tumboni. Tumempa maziwa, ameyarudisha. Tumempa asali, ameirudisha. Asema neno moja tu: 'Mbegu yangu iko kwa Wakesho.'"

"Mwambieni naja," akasema Wakesho.

Angekwenda na nini? Na asipokula, mama angeishi kwa nini?

Akakamua ndimu katika uji, akaonja. Ukali wa ndimu uliuma ukakimbia. Hutoa shombo la samaki, lakini haukai na mgonjwa. Akasema, "Ni mkali, ila si wa mama."

Akaloweka ukwaju, akaukoroga katika uji, akaonja. Ukali wa ukwaju ulikuja umeficha utamu kwapani. Humfaa mwenye kiu, lakini haulei. Akasema, "Ni mkali, ila si wa mama."

Akavundika unga mtupu katika maji, akangoja. Ukachacha, ukapita, ukaoza, mfano wa mtoto aliyekosa wa kumkanya. Akaonja, akatema. "Ni mkali, ila si wa mama."

Ndipo alipoanguka kifudifudi jikoni, akalia: "Ee Mungu, wewe ambaye katika kila ghadhabu hukuacha kuwabakizia watu wako masalio, kwangu hukubakiza hata tone?"

Kisha mlangoni pakasikika kikohozi.

Alikuwa Mkawasi, mavyaa yake, ameupakata mzinga mkuukuu, umezibwa mdomo kwa kitambaa.

"Mkazamwana, usiende kwa mama yako mikono mitupu. Mpelekee asali hii."

"Mama, mgonjwa hakuomba asali. Ameirudisha."

"Hii ni asali nyingine. Chukua tu. Ila usiifungue njiani."

"Kwa nini nisiifungue?"

"Nyuki, mwanangu. Nyuki wakali."

Wakesho akaupokea, akauweka sikioni. Nyuki hakuna. Ila ndani kulikuwa na sauti: pwe... pwe... pwe... kama mtu apumuaye usingizini. Jamani, asali yapumua?

— Haipumui!

Akang'oa kitambaa. Harufu ikatoka, ikamvika uso mzima: harufu ya jiko la Mghoi, ya mvua juu ya mtama, ya asubuhi zile alizokuwa mtoto. Akachovya kidole. Uso ukajikunja wenyewe, machozi yakatoka kabla hajajua kwamba analia.

"Mama! Huu umeutoa wapi?"

Mkawasi akatazama chini. "Kwako. Ulipokuwa ukienda kuteka maji, niliingia jikoni na upawa."

"Ulinicheka!"

"Nilikucheka."

"Ukaninywea!"

"Nikakunywea. Nikajibakizia, kila siku nikitia unga na maji, nikaficha mzingani, mahali ambapo katika nyumba hii hakuna atakayetafuta uchachu. Mara tatu nimekusikia ukilia, mara tatu nimefika mlangoni, mara tatu haya imenirudisha."

"Kwa nini, mama? Kwa nini hukusema?"

Mkawasi akaketi juu ya kinu, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mwanamwali. "Unadhani nilizaliwa kwenye asali? Kwetu ni huko juu, kwa maziwa ya mgando, makali kama uji wako. Nilikuja hapa na kibuyu, kama wewe. Wakanicheka, kama wewe. Nikakisugua mtoni, kama wewe. Siku nilipoonja uji wako nilimwona marehemu mama amesimama mbele yangu. Nikaogopa binti zangu wasije wakamwona nao."

Mnayakumbuka yale macho? Haya, sasa mmejua yaliona nini.

Wakesho alikuwa na neno moto ulimini. Angeweza kulitema, na lingekuwa la haki. Lakini alimtazama yule mzee, akaiona mito miwili na vibuyu viwili. Akateka kata moja toka mzingani, akanywa nusu, akampa nusu. Wakakunja nyuso pamoja. Wakatazamana. Wakacheka.

"Inuka, mama, twende."

"Nipe mzinga nibebe mimi," akasema Mkawasi. Akaufungua wazi, akajitwika kichwani, akapita nao mbele ya binti zake na majirani.

"Mama, nini hiyo inayonuka?" akauliza wifi mkubwa.

"Ni mama yangu," akajibu Mkawasi, asigeuke.

Wakavuka bonde. Wakapika. Mghoi akanyweshwa kata ya kwanza: uso wake ukajikunja kama jani, kisha ukakunjuka. Uji ukakaa. Akanyweshwa ya pili, ukakaa. Ya tatu aliishika mwenyewe.

"Mwanangu, umenihifadhia."

"La, mama. Mimi niliitupa. Huyu aliiba."

Mghoi akamtazama Mkawasi kwa muda mrefu. "Basi aliyepewa alitupa, na aliyeiba akatunza. Mungu hubakiza apendapo." Akairudisha kata, chini yake kumesalia kidogo. "Msikwangue."

Mghoi aliyaona mavuno mengine, na mengine tena, ndipo akalala na mama zake waliomtangulia.

Na hata leo katika vilima vile, bibi harusi akiingia kwa mumewe na kibuyu cha kwao, mavyaa yake huja mchana kweupe na upawa, akaiba kidogo. Wote huwapo, na wote hutazama juu, wakasema: "Mbona mawingu yamependeza leo?"

Ewe unywaye?
— Bakiza!

Ngano yangu imefika chini ya chungu. Tamu mmeinywa; ile kali iliyosalia msiimwage. Mfunikieni wa kesho.