Mrehani wa Ghorofa ya Tano

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiitaja methali hii mbele ya watu wenye njaa, wote watawaza kuku: mgeni akija kuku atachinjwa, na mwenye nyumba naye atapata paja. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kuna mgeni anayefika uso umemvimba kwa hasira, mkononi ana shuka linalochuruzika maji, na bado akamponya mwenyeji kuliko daktari. Huamini? Basi sikia yaliyotokea kwa kina Jagoda.

Jagoda alikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Aliishi na baba yake, mzee Radisav, ghorofa ya tano ya jengo moja mjini Kragujevac. Walihamia hapo mwaka uliopita kutoka kijijini, wakiwa watatu. Machi iliyofuata mama akafariki, wakabaki wawili na roshani. Roshani yenyewe ilikuwa finyu, ukiingia na kiti huwezi kugeuka, lakini mama alikuwa ameijaza mrehani katika makopo saba ya jibini, ukanukia mpaka kwenye lifti. Tangu siku ya mazishi, mzee Radisav hakuugusa tena mlango wa roshani. Huyu alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mtu wa vicheko na vituko. Sasa alikaa jikoni kutwa akiitazama saa ya ukutani, kama abiria anayesubiri treni iliyokwisha kupita.

Jagoda ndiye aliyeurithi mrehani. Kipimo cha maji hakukijua, basi akawa anamwaga kama anayezima moto. Baridi ilipoanza kung'ata, kila jioni aliyafunika makopo kwa gauni la mama la kulalia, akasema, "Lala salama," kisha akajicheka mwenyewe.

Tarehe nane Novemba ikakaribia, siku ya Mtakatifu Dimitrije, na hiyo ndiyo slava yao. Kwao kila ukoo una mtakatifu wake, na siku yake inapofika nyumba huoka mkate, huwasha mshumaa mrefu, na mlango haufungiwi mtu. Lakini hakuna anayealikwa! Kumwalika mtu slava ni aibu. Anayejua huja mwenyewe, asiyejua ndiyo basi. Na mkate ule haumegwi na mtu mmoja. Mwenyeji hushika huku, mgeni hushika kule, wakauzungusha na kuumega pamoja.

"Mwaka huu tusijisumbue," mzee alisema. "Kijijini walitujua. Hapa nani anajua kwamba sisi ni wa Dimitrije? Nitaumega mkate na nani, na friji?"

"Utaumega na mimi, baba."

"Wewe ni wa humu humu, mwanangu. Mgeni ni mgeni." Akaigeukia saa ya ukutani. "Acha tu. Mshumaa tusiuwashe."

Jagoda akahisi kama amemwagiwa maji ya barafu. Kwao, ukoo uliokwisha husemwa kwamba mshumaa wake umezimika. Alijua kabisa kuwa usipowaka mwaka huu hautawaka tena, na baba yake naye atazimika polepole pale pale kwenye kiti. Hakubishana. Aliomba ruhusa kazini, na siku yenyewe akaamka alfajiri, akafungua daftari la mama la mapishi, akakunja mikono ya blauzi.

Alikanda mpaka mabega yakalia. Alisuka unga nywele tatu tatu, akafinyanga na ndege wawili wa kuweka juu. Saa tatu kasoro asubuhi mkate ukatoka kwenye oveni, mwekundu, unang'aa kama kipaji cha bwana harusi. Loo, furaha aliyokuwa nayo! Akakimbilia roshani akiimba, akaupa mrehani maji ya sherehe, ndoo nzima.

Dakika tano baadaye kengele ya mlango ikalia kama imeshikwa na wazimu.

Alikuwa Bi Vukosava wa ghorofa ya nne, mama ambaye jengo zima lilimjua kwa sauti kabla ya sura.

"Wewe binti! Hiyo ni roshani au maporomoko? Mara ya tatu wiki hii! Mashuka yangu nimeyafua, nimeyaanika, wewe unayaogesha tena!"

"Nisamehe sana, Bi Vukosava. Ni huu mrehani..."

"Mrehani gani unakunywa hivyo? Umepanda mrehani au umefuga ngamia?"

Alitaka kuendelea, mdomo ulikuwa wazi tayari, lakini pua ikamsimamisha. Akanusa upande huu, akanusa upande ule.

"Unaoka nini?"

"Mkate wa slava. Leo ni slava yetu."

Shuka lililolowa mkononi mwake likashuka mpaka sakafuni. "Slava! Na mimi nimekuja kugomba!" Akafanya ishara ya msalaba, maana anayevuka kizingiti siku ya slava, hata kama amekuja kutukana, ni mgeni. Akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akamwamkia mzee Radisav, akauinamia mkate. Akaubonyeza kwa kidole.

"Umetia siagi?"

"Robo kilo!" Jagoda akajibu kwa fahari.

"Na mayai?"

"Matano. Na maziwa."

"Mwanangu, leo siku gani?"

"Siku ya Mtakatifu Dimi..."

"Ya wiki!"

Macho ya Jagoda yakaenda kwenye kalenda, yakagota hapo. Ijumaa. Ijumaa ni siku ya mfungo: hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna siagi, na slava ikiangukia Ijumaa mkate wake hukandwa kwa maji na mafuta tu. Kila mtoto analijua hilo. Mama alikuwa akilijua usingizini.

Akakaa chini pale pale kwenye unga uliomwagika. "Mama asingekosea," akasema, na machozi yaliyokuwa yakingoja tangu Machi yakatoka yote kwa pamoja.

Mzee Radisav hakumgombeza. Alisema taratibu tu, "Imekwisha, mwanangu. Zima oveni."

"Jirani, hebu nyamaza!" Bi Vukosava akamgeukia. "Mimi nimezika waume wawili, na hakuna mtu aliyewahi kunizimia oveni. Huo wa mayai mtaula kesho Jumamosi, hautaoza. Binti, inuka. Saa tatu sasa. Saa saba mkate mwingine utakuwa mezani. Mafuta yapo?"

"Yamebaki kidogo."

"Safi kabisa! Ngoja nikaazime."

Akatoka. Punde sauti yake ikasikika kwenye ngazi, ikipanda na kushuka kutoka mlango hadi mlango.

"Una mafuta, jirani? Si yangu, ni ya hawa wa ghorofa ya tano, leo wana slava! Dimitrije, ndiyo! Mimi simwaliki mtu, Mungu apishe mbali, naazima mafuta tu! ... Hujambo, una hamira? Ya wa ghorofa ya tano, wana slava!"

Alirudi na chupa nne za mafuta, hamira ya kutosha kuumua jengo zima, na bakuli la kokwa za jozi.

"Shangazi," Jagoda akanong'ona, "kwani nyumbani kwako mafuta hakuna?"

"Ninayo lita kumi chini ya kitanda. Kanda."

Wakakanda, mmoja huku, mwingine kule. Unga ulipoanza kuumuka, Bi Vukosava akamtupia jicho mzee.

"Jirani, mkate wa slava bila kijitawi cha mrehani ni mkate wa chai. Sisi mikono imejaa unga. Nenda ukakate."

Mzee akainuka. Akasimama mbele ya mlango wa roshani, mkono juu ya kitasa, muda ambao Jagoda alihisi hauna mwisho. Kisha kitasa kikalia.

Kule nje, katika baridi ya Novemba, mrehani ulikuwa kijani kama siku ya kwanza, na pembeni kulikuwa na gauni la mkewe, limekunjwa vizuri juu ya ukingo. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa na kijitawi kimoja, na mashavu yamelowa.

"Nani aliyeuvisha gauni?"

"Mimi, baba. Kwa ajili ya baridi."

"Na maji unaumwagilia wewe?"

"Mimi."

"Mengi mno," akasema, midomo ikimchezacheza. "Mama yako alikuwa akiupa kikombe kimoja."

"Hayo yaambie mashuka yangu!" Bi Vukosava akadakia.

Mzee Radisav akacheka. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kutikisa vikombe, mpaka Jagoda akalazimika kushika meza.

Saa nane mchana kengele ikalia, na haikupumzika tena. "Slava njema, mwenyeji!" walisema wa ghorofa ya saba wakiwa na divai. "Slava njema, mwenyeji!" walisema wa ghorofa ya pili, na sufuria ya maharage. Mzee, aliyeuwasha mshumaa kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ndani ya koti lake la reli, vifungo vinawaka kuliko huo mshumaa. Aliushika mkate upande mmoja, Bi Vukosava akaushika upande wa pili, wakauzungusha, wakaumega. Shuka lilikuwa limetandazwa kwenye kipasha joto cha chumba, linakauka taratibu nyuma ya migongo ya watu, wala hakuna aliyeliondoa.

Jioni, mlangoni, mzee alimkabidhi Bi Vukosava shuka lake likiwa limekunjwa, na juu yake kopo moja la mrehani.

"Mungu akulipe kwa kuja kutugombeza. Ila ujue, jirani, mwaka ujao sikualiki."

"Jaribu kunialika uone," Bi Vukosava akamjibu. "Sitakuja ng'o!"

Jagoda alifunga mlango, akaenda kuufunika mrehani, akamkuta baba yake amemtangulia roshani, kikombe kimoja cha maji mkononi. Hapo akashukuru kwa kila tone lililowahi kudondokea mashuka ya watu, kwa kuwa sasa alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe: mgeni njoo, mwenyeji apone.