Wakesho, Mbwa Wake na Zimwi la Mlima Kilungo

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, wasikie na walio jikoni!

Pakawa!

Hapo kale, wanangu, bibi yangu akiwa bado hajaota meno, palikuwa na mlima uitwao Kilungo. Haukuwa mlima wa kuua mtu, wala haukuwa wa kudharau. Ukitoka nyumbani umande ungali majanini, ukapumzika mara tatu, jua la utosini linakukuta kileleni. Wazee waliupanda kwa bakora, watoto waliupanda kwa mbio, na mbwa waliwatangulia wote, ndimi nje.

Na huko juu, macho hayakushiba. Upande huu unaona nyika nyekundu, na vumbi la ndovu wakienda mtoni. Upande ule unaona migomba, na moshi wa kila jiko. Asubuhi ikiwa njema, mbali kabisa, unaona mlima mwingine wenye kichwa cheupe.

Basi, upande huu waliishi ndugu wawili wa kike, Mkamburi na mdogo wake Wakesho. Mkamburi akaolewa upande wa pili. Siku ya kuondoka alimwambia mdogo wake, "Usilie. Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, mwezi ukiandama, kesho yake mimi nitapanda kwa upande wangu, nawe panda kwa wako. Tutakutana juu."

Wakafanya hivyo miaka mingi. Walikaa juu ya jiwe, wakala kimanga cha muhogo na maharage, wakasukana nywele, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mwaka mmoja Mkamburi alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu alilala mtoto wa mbwa, mweusi, miguu myeupe.

"Chukua," alisema. "Awe mwenzako njiani."

Wakesho akamwita Tuone.

Mwaka uliofuata, zimwi likaja.

Lilihamia upande huu wa mlima, mahali njia inapokata msitu. Halikukanyaga njia ya watu. Lilikaa kichakani, likaita. Na halikuita kwa sauti yake. Liliita kwa sauti ya mtu unayemkumbuka.

Mrina asali mmoja, Mwakio, alimsikia marehemu mkewe akimwita. Akaiacha njia. Ikaonekana kofia yake tu. Mama mmoja wa kuni akasikia mtoto wake aliyezikwa. Akaiacha njia. Ikaonekana kamba yake tu.

Basi watu wakaogopa. Njia ikaota magugu. Wakesho naye akaogopa. Mwezi ukaandama, hakupanda. Mwaka wa pili mwezi ukaandama, hakupanda. Miaka saba, wanangu, hakupanda. Alisimama mlangoni akautazama Kilungo, akarudi ndani.

Siku moja mama yao akafa. Wakesho akamzika, akakaa matanga, akapokea wageni. Wageni walipoondoka, nyumba ikawa kubwa mno. Akamwambia mbwa, "Tuone, dada hajui. Mama yuko ardhini, na dada hajui."

Tuone akainuka, akaenda mlangoni. Alikuwa mbwa mzee sasa, pua imeingia mvi.

Mahindi yakavunwa, na mwezi ulipoandama, kesho yake alfajiri, Wakesho akafunga kimanga katika jani la mgomba, akashika njia. Jirani yake akamkimbilia. "We Wakesho! Unakwenda kuliwa?"

"Nakwenda kwa dada," akasema.

Wakapanda. Jasho likatoka, wakapumzika. Wakapanda, wakafika msituni. Baridi ikawagusa. Mara kichakani, upande wa kulia, mtu akakohoa, kikohozi cha tumbaku. Kisha akaita, "Wakesho! Binti yangu! Njoo unishikie jembe!"

Ilikuwa sauti ya baba yake, aliyekufa yeye akiwa mdogo. Alikuwa ameshaisahau sauti ile, na sasa ilimrudia nzima. Akasimama, akageukia kichaka.

Tuone akanguruma, *ngrrr*. Wakesho akamtazama mbwa, akautazama mguu wake uliokwisha kuinuka kuiacha njia. Akaurudisha njiani. Wakapita.

Kichaka cha pili, upande wa kushoto. "Wakesho, mwanangu. Mbona umeniacha gizani? Nasikia baridi. Niletee kanga yangu."

Ee, wanangu! Sauti ya mama. Majuzi tu Wakesho alikuwa akimnywesha mama huyo uji. Akalia kwa kwikwi. Lakini Tuone alisimamisha manyoya ya mgongo, akajilaza mbele ya miguu yake, hapishi. Wakesho akaokota majani, akaziba masikio, akapita akilia.

Wakatoka msituni, wakaingia kwenye majani mafupi na upepo. Kileleni si mbali. Na hapo, hata kwa masikio yaliyozibwa, akasikia wito wa tatu.

"Wakesho! Wakesho wee!"

Sauti ya dada.

Safari hii hakulia, alikasirika. Akaokota jiwe. "Zimwi wee! Umeiba sauti ya baba, umeiba ya mama, sasa na ya dada? Toka nikupasue!"

Akatazama mbwa. Tuone hakunguruma. Tuone hakusimamisha manyoya. Alinusa upepo, mkia ukaanza kucheza, polepole, kisha kwa fujo, na mzee yule akatimua mbio kama mtoto.

Wakesho akaliangusha jiwe, akayatoa majani masikioni.

Juu ya mwamba alikuwa amekaa mwanamke mwenye mvi, na mbwa alikuwa akimlamba uso.

"Huyu ndiye yule wa kikapuni?" Mkamburi akauliza.

"Ndiye, dada."

Wakesho akakaa kando yake. Halafu Mkamburi akasema, "Miaka saba nimepanda. Kila mwaka nimepika cha wawili. Nusu yako nikawaachia ndege. Nikasema, mdogo wangu amenisahau."

"Sikukusahau. Kuna zimwi upande wetu. Niliogopa, dada."

"Kwetu halipo. Sikujua." Akamshika mkono. "Na mama?"

Wakesho akainamisha kichwa. Mkamburi akautazama uso wake, akaelewa, akapiga ukemi ambao mabonde yote mawili yaliusikia.

Wakalia mpaka machozi yakaisha. Kisha wakala. Mkamburi akanyoosha kidole, "Pale ndipo tulipochunga mbuzi. Na ule mto, unakumbuka ulivyochukua viatu vya baba ukavitumbukiza?" Wakacheka, wakalia tena, wakacheka.

"Nipeleke kaburini," Mkamburi akasema.

Basi wakateremka watatu. Walipoingia msituni, kichaka kikaita: "Mkamburi! Mwanangu wa kwanza! Nilikungoja, hukuja."

Mkamburi akasimama. "Wakesho, si mama huyo?"

"Siye."

"Ni mama! Sauti yake siijui?" Akainua mguu kuiacha njia. Tuone akamkamata pindo la kanga kwa meno, akavuta. Wakesho akamkumbatia kiunoni.

"Dada, mama nimemzika kwa mikono yangu hii. Sauti hiyo imeibwa." Akageukia kichaka, hasira zikampanda. "Wewe! Sema kwa sauti yako!"

Zimwi likaita kwa sauti ya baba.

"Hiyo ya baba. Sema kwa sauti yako!"

Likaita kwa sauti ya Mwakio, likalia kama mtoto mchanga.

"Hizo za watu. Sema kwa sauti yako!"

Majani yakatikisika, zimwi likatoka: refu kama mvule, kinywa kama tanuri. Likakifumbua kinywa kile. Kimya. Likatafuta tumboni, likatafuta kooni. Halikuwa na sauti yake hata moja. Mwishowe likasema, kwa unyonge, "Sema kwa sauti yako..."

Mkamburi akaangua kicheko katikati ya machozi. Zimwi nalo likacheka kicheko hicho hicho, likapungua. Tuone akabweka, nalo likabweka, likapungua. Likapungua, likapungua, likaingia katika ufa wa mwamba, likawa mwangwi. Tangu siku hiyo ukiita mlimani, hurudisha sauti yako tu. Haliwezi tena kuchukua ya mtu mwingine.

Dada wawili wakafika kaburini jua likitua, wakapanda ua la manjano juu yake. Watu wakafyeka njia, na mlima ukapandwa tena na wazee, watoto na mbwa.

Lakini ile miaka saba, wanangu, haikurudi.

Hadithi yangu imeishia hapo, aliyechoka na akae, mwenye miguu na apande. Na funzo lake ni hili: aliyekufa mkumbuke, aliye hai mwendee.