Jenerali Aliyetaka Kiti cha Bibi

Katika harusi moja mjini Tabora, Kapteni Kasanda alimwinua Bibi Kalunde, nyanya wa bibi harusi, kutoka kiti cha mbele, akakikalia yeye. Bibi akateremka mkekani.

Nyamizi, mshereheshaji, akamwinamia Kapteni. "Afande, kwa itifaki Kapteni hakai mbele ya Bibi. Labda angekuwa Jenerali."

"Basi niite Jenerali, binti. Nimevaa suti, nani atajua?"

"Nitangaze hivyo?"

"Tangaza, tena kwa sauti. Ukinipunguza cheo, hiyo maikrofoni leo unaiacha."

Nyamizi akatangaza. Ukumbi mzima ukasimama kwa heshima ya Jenerali Kasanda, vigelegele vikapaa, naye akapunga mkono kama anayekagua gwaride.

"Na tuna bahati mbili," Nyamizi akaendelea. "Yule wa suti nyeusi kule mlangoni ni Brigedia Maganga. Anakuja kumpigia saluti Jenerali wetu na kumuuliza anaongoza kamandi gani."

Mtu wa suti nyeusi akaanza kuja kwa hatua ndefu. Kapteni akaruka kama aliyekalia siafu, akamshika Bibi mkono, akamketisha kitini taratibu.

"Nilikuwa nakupashia kiti joto tu, Bibi," akasema, akatokomea kwa mlango wa jikoni.

Mtu wa suti nyeusi akafika, jasho likimtoka. "Nyamizi, mimi ni fundi wa spika. Ubrigedia nimeupata lini?"

"Sasa hivi, kaka, kwa maikrofoni ileile iliyompa yeye ujenerali."