Aliyeita Mara Moja

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya matofali aliyoachiwa na baba yake, na mdogo mmoja wa tumbo moja. Yeye aliitwa Lutengano, na mdogo wake Asajile. Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, katika nchi ya baridi na migomba, na nyuma yake palikuwa na jiko la uani na zizi la ng'ombe. Lutengano alikuwa na mke, Tusajigwe, na watoto wadogo. Asajile alikuwa bado hajaoa. Wote walikula chungu kimoja, na wazazi wa kijiji kile, watoto wao walipogombana, waliwaambia, "Hamwaoni wale wawili?"

Kisha ukaja ugonjwa. Mtendaji wa kijiji alipita na kipaza sauti akatangaza kwamba kila mtu akae kwake, asipokee mgeni, asishikane mkono na mtu, na mwenye homa apelekwe kambini. Kambi ilikuwa kwenye shule iliyofungwa, chini bondeni. Waliofia kule walizikwa kulekule na watu wenye glavu, bila kuoshwa na ndugu na bila wimbo. Mtu alitoka kwake akikohoa, na watu wake hawakuona tena hata shati lake.

Walihitajika watu wa kubeba machela, na hawakupatikana. Asajile akaenda.

Lutengano alipopata habari alimngoja mlangoni. Hakupaza sauti, maana hakuwa mtu wa kelele, na labda ndiyo sababu neno lake lilishika. "Nina watoto humu ndani," alisema. "Ukiwabeba hao, usikanyage kizingiti hiki mpaka ugonjwa uishe."

"Sasa kaka, nani atawabeba?"

"Wana ndugu zao."

Asajile alicheka kidogo. "Ndugu zao ndio walionituma," akasema. Akachukua blanketi lake na kushuka bondeni.

Neno la Lutengano halikuwa neno la mtu mbaya. Baba wengi walilisema mwaka ule, na mwenye watoto atalielewa. Lakini mlango ukifungwa kwa hofu, mkono hujifunza kuufunga, na baada ya muda mkono haumuulizi tena mwenyewe.

Kwa siku nyingi alimwona mdogo wake kwa mbali, akipita njia ya chini na machela begani. Asajile aliinua mkono, na yeye aliinua wake. Halafu ikawa haonekani. Mbebaji mwenzake, kijana mmoja aitwaye Gwakisa, alipiga kelele kutoka njiani kwamba Asajile naye ameanguka na amelazwa kambini. Lutengano alisema kesho atashuka kuuliza. Kesho yake mvua ilinyesha. Kesho kutwa alikumbuka tangazo la mtendaji, kwamba hairuhusiwi. Baada ya hapo hakusema tena kwamba atakwenda, wala mke wake hakumkumbusha, kwa sababu katika kijiji kile aliyeingia kambini alikuwa amekwisha kuhesabiwa. Waliomboleza wenyewe, mlango umefungwa, bila mtu wa kuja kuwapa pole.

Wakati huo ndipo nyumba za kijiji zilipoanza kuwa na mambo. Mjane mmoja alisikia marehemu mumewe akivuta kiti asubuhi, kama alivyokuwa akikivuta. Kwa mwalimu mifuniko ya sufuria ililia na hapakuwa na mtu jikoni. Watoto wa nyumba ya tatu walimsikia bibi yao akipepeta maharage. Watu walipeana habari hizi juu ya ua, kila mmoja akisimama upande wake, maana kutembeleana kulikuwa kumekwisha. Na jambo la kuangalia ni hili: hakuna aliyesikia mgeni. Kila mtu alimsikia wa kwake.

Wazee waliwaonya kama walivyoonywa wao. Mzimu hufuata moto, walisema, basi zimeni makaa kabla jua halijatua. Na mzimu huita mara moja tu. Mtu hai, usipomwitikia, ataita tena, hata atakutukana. Kwa hiyo ukisikia jina lako nje, usiitike. Ngoja aite tena.

Haukupita muda, nyumba ya Lutengano nayo ikapata lake. Kulisikika kikohozi zizini, na zizi lilikuwa tupu, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamemuuza. Mkungu wa ndizi uliotundikwa jikoni ulipungua. Asubuhi Tusajigwe alipokwenda kukoka moto alikuta majivu ya moto, kama kwamba mtu alikuwa ameyachochea makaa na kukaa karibu nayo.

"Baba Atupele," alimwambia mumewe, "mzimu gani huu unaomenya ndizi? Maganda ameyaweka pembeni vizuri, kama mtu aliyelelewa."

"Alilelewa hapa," Lutengano alijibu. "Ndiyo maana anaijua njia."

"Basi twende tukaangalie zizini."

"Ukaangalie nini? Unataka kuwaletea watoto nini?"

Hawakwenda. Lutengano alikuwa mtu wa sala, na aliona kwamba amepewa vita. Alisimama uani akasoma zaburi kwa sauti kubwa, akilielekea zizi, na kikohozi kikanyamaza kama mtu anayesikiliza. Jioni ile alimwaga maji mekoni mpaka makaa yakafa yote. Ule mkungu aliuingiza ndani. Mlango wa zizi aliufunga kwa ubao na misumari mchana, wakati ndani hapakuwa na mtu.

Kikawa kimya. Asubuhi majivu yalikuwa baridi. Jirani yao, mzee Mwaisumo, aliuliza juu ya ua, "Vipi, jamaa bado anakuja?"

"Ameondoka."

"Umemfanyaje?"

"Nimemnyima moto, nimemnyima chakula, nimemfungia pa kulala."

"Bwana asifiwe," alisema Mwaisumo. Akaenda na yeye kuzima makaa yake.

Alasiri moja mvua ya baridi ilinyesha, na ukungu ulishuka mpaka migomba ya karibu haikuonekana. Watu wa nyumba ile walikuwa wameketi pamoja wakimenya maharage mabichi. Ndipo sauti ilipoita kutoka nje, karibu na mlango. Haikuwa kubwa. Ilisema, "Kaka."

Tusajigwe aliinuka na maharage yakamwagika. Mumewe alimshika mkono.

"Hiyo ni sauti ya shemeji," mke alisema.

"Ndiyo maana nakwambia ukae."

"Baba Atupele, niache."

"Ngoja aite tena. Akiita tena nitafungua mwenyewe, naapa."

Wakangoja. Naye Lutengano aliomba, na kile alichokiomba moyoni ndicho kilichomtesa baadaye, maana aliomba sauti ile isirudi. Mvua ilipiga bati. Walisikia kitu kama mgongo wa mtu ukiteleza ukutani, taratibu, halafu wakasikia mvua peke yake. Mtoto mdogo alianza kuokota maharage. Jioni ikaingia na hakuna aliyeita.

Kulipokucha Lutengano alifungua mlango. Asajile alikuwa ameketi chini ya ukingo wa bati, ameegemea ukuta, blanketi limelowa mabegani. Alikuwa amekonda kama watu wa kambini. Hakuwa mzimu, wala hakuwa tena mtu wa kuitwa. Miguu alikuwa ameivuta upande, ili isiguse kizingiti.

Tusajigwe alitoka akamwona. Hakupiga yowe. Alisema, "Tulimngoja aite mara ya pili, na yeye alikuwa anangoja tuitike mara ya kwanza."

Lutengano alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, na hakumwomba mtendaji ruhusa. Akachimba kaburi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Gwakisa alikuja akamsaidia, maana kubeba ilikuwa kazi yake na hofu ilikuwa imekwisha kumtoka. Walipomaliza, kijana huyo alisimama na jembe mkononi akaeleza alichokuwa nacho.

Alisema Asajile alipona, akaruhusiwa kutoka, ila mapafu yake yalikuwa yameishiwa nguvu. Alituma salamu nyumbani kupitia mama mmoja aliyekuwa anapanda kuja juu. Mama huyo alizidiwa njiani, wala hakufika. Asajile hakulijua hilo. Aliamini nyumbani wanajua kwamba yu hai na yuko zizini, akingoja ugonjwa uishe ili aruhusiwe kuingia.

"Nilipita juzi-juzi nikamkuta kule," Gwakisa alisema. "Nikamwambia, huna aibu, mtu mzima kulala zizini na kaka yako yuko hapo? Akaniambia, 'Usimseme kaka. Hasemi na mimi kwa sababu ya watoto, lakini ananiachia ndizi jikoni. Na kila jioni ananiachia makaa.'"

Lutengano aliketi juu ya udongo wa kaburi.

Gwakisa hakujua amesema nini, akaendelea. "Halafu tulipokutana tena akaniambia amekuta jiko baridi. Akasema labda kuni zimewaishia, tusiwalaumu."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Ugonjwa ulikwisha, kama unavyokwisha kila ugonjwa, na milango ikafunguliwa. Watu walirudi kanisani na kushikana mikono tena. Katika nyumba ya Lutengano hapakusikika tena kitu chochote. Zizini palikuwa kimya na jikoni palikuwa kimya. Jioni alikuwa akienda kuchochea makaa, akayaacha wazi, na asubuhi aliyakuta yamekufa yenyewe bila kuguswa. Majirani walimwambia nyumba yake sasa imetakaswa. Aliwaitikia, kwa kuwa walimaanisha mema. Lakini angetoa migomba yake yote asikie kikohozi kile kutoka zizini kwa muda mfupi tu, muda wa kutosha kuvuka uani.

Mwaka ule tulizika watu wengi bila kuwaona, na mpaka leo wako wanaosema kwamba nyumba zao zina sauti, na wanatafuta maombi ya kuzifukuza. Wasikatazwe kuomba. Ila yeyote anayemsikia mtu wake akitembea katika nyumba yake, kabla hajamkemea, na ajibu kwanza: alipokuwa hai, amesimama nje kwenye mvua, ni nani aliyekuwa ndani ameushika mlango?